Nilivyokwenda Durban kwa Ajili ya Bastola ya Deo

Tangu nirudi, kila kijiwe ninachopita hapa Kigoma naulizwa jambo lile lile: eti ni kweli Durban watu wanabeba bastola kama sisi tunavyobeba miavuli? Nikianza kujibu, mmoja anaitwa nyumbani, mwingine anakatiza na habari za mpira, na habari yangu inaishia njiani. Basi nimekaa nikaandika yote kuanzia bandarini. Mambo ya viza na foleni za ofisini nimeyaruka, hayana ladha.

Kigoma hadi Mpulungu

Wengi wenu mnamkumbuka Deo wa Uvira, yule aliyekuwa akivuka ziwa na mabelo ya vitenge, na Jumamosi anapiga gitaa la besi kwenye baa ya karibu na stesheni. Tulikuwa vijana wa suruali za bugaluu, tukiamini dunia yote iko ng'ambo ya maji na inatusubiri. Baadaye Deo alihamia Afrika Kusini, akapata karatasi za kukaa moja kwa moja, akafungua duka la simu Isipingo, mji wa biashara kusini ya Durban.

Siku moja mkewe, Mama Neema, alinipigia kwenye simu ya duka la jirani.

"Shemeji, Deo iko na bastola."

"Ya nani?"

"Ya kwake. Walimuibia dukani, njo akaenda kutafuta kibali. Sasa anaibeba kila siku. Mimi nikisema, ananicheka. Weye atakusikia."

"Unaogopa nini hasa?"

"Ninaogopa siku ataitoa. Atauawa, ao ataua mutu. Sioni ingine ya tatu."

Sitawadanganya. Nusu ya safari hii ilikuwa kwa ajili ya Deo, nusu nyingine ilikuwa miguu yangu tu, ambayo mnaijua. Isitoshe, katika miaka yangu arobaini na ushei nilikuwa sijawahi kuishika bastola, na nilitaka kujua inamfanya nini mtu niliyemfahamu akiwa na gitaa.

Nilinunua migebuka mikavu, mirefu kama mkono wangu, nikaifunga kwa magazeti na kamba ya katani iwe zawadi, nikapanda meli. Mnajua meli yetu: vijiji vingi havina gati, kwa hiyo inasimama majini, mitumbwi inaizonga, na watu wanapanda na kuku wao, vitanda vyao na ugomvi wao. Karibu na Kipili tulisimama tangu asubuhi hadi jua kuzama. Nilipouliza sababu, baharia akaniambia tunasubiri magunia ya dagaa wa mfanyabiashara mmoja.

"Yako wapi?"

"Yule pale," akanyoosha kidole ufukweni. "Bado anawaanika."

Hakuna aliyelalamika isipokuwa mimi. Abiria wenzangu walikuwa wamekwisha kukoka majiko ya mkaa na kupika uji.

Mpulungu hadi Beitbridge

Kutoka Mpulungu, bandari ya Zambia, ni basi, tena basi, kisha basi. Katika mji wa Mpika nilinunua kikombe cha kitu cheusi kilichokaushwa kwa chumvi nikidhani ni nyama. Nilikuwa nimekwisha kula nusu, tena kwa hamu, ndipo jirani yangu akanieleza kwamba ni viwavi. Nilitazama kikombe kwa muda. Halafu nikamalizia, maana njaa ilikuwa bado ipo na ladha ilikuwa haijabadilika.

Harare niliketi karibu na mama mmoja aliyejiita Mai Tendai, mwenye mzigo wa vitambaa vya kufuma aliokuwa akienda kuuza Johannesburg. Tuliongea Kiingereza cha kuvunjavunja. Nilipomwambia ninakwenda kumtazama rafiki mwenye bastola, alicheka hadi akajifuta macho.

"Mimi wameninyang'anya mara nyingi," alisema, "na bastola sina. Nikitembea mjini nasimama kila duka lenye kioo. Watu wanadhani natamani nguo. Natazama nani yuko nyuma yangu."

"Na ukimwona?"

"Naingia dukani. Nauliza bei ya kitu nisichoweza kukinunua, mpaka aondoke."

Mpakani Beitbridge, mlango wa kuingilia Afrika Kusini, tulishushwa sote. Afisa mmoja kijana alikuwa akibonyezabonyeza mizigo. Alipofika kwenye begi langu, mkono wake ukasimama juu ya migebuka. Akapapasa urefu wake, akahisi ugumu wake na kamba zake. Kisha akarudi nyuma hatua kadhaa, mkono ukashuka kwenye bastola iliyokuwa kiunoni.

"Fungua wewe," akasema. "Polepole."

Nilifungua magazeti taratibu kama anayemvua mtoto mgonjwa. Harufu ilipotoka, afisa akageuza uso, Mai Tendai akakohoa, na foleni yote ikasogea nyuma. Niliruhusiwa kupita haraka kuliko mtu yeyote siku ile. Lakini yule kijana kurudi nyuma kwanza, kabla ya kusema neno, ni jambo nililokuja kulielewa Durban.

Beitbridge hadi Durban

Basi liliharibika katika nyanda za baridi kabla ya kuteremka kuelekea pwani. Tulikaa kando ya barabara, tukagawana chai ya chupa na mkate wa mahindi, huku dereva amelala chini ya injini akiimba. Mchana wa siku iliyofuata tukaingia Durban, na Deo alikuwa kituoni, mnene, mwenye mvi, shati la maua nje ya suruali.

"Hamisi, umezeeka, bwana."

"Na wewe umevimba."

Alicheka kwa sauti ile ile ya baa. Lakini tangu kituoni hadi kwenye gari lake nilimwona akigusa upande wa kulia wa shati, kidogo, kama mtu mwenye kidonda kinachowasha. Aligusa aliposhuka ngazi, aligusa mtu alipompita, na alipoketi nyuma ya usukani aligusa tena.

Wanaishi Overport, ghorofani, juu ya mtaa wa maduka. Mama Neema alinipokea, akachukua migebuka, akaipeleka jikoni akiinusa kama maua. Deo akaitoa bastola kiunoni, akatoa risasi zote, akaiweka mezani mbele yangu karibu na bakuli la pilipili.

"Ishike. Haina kitu."

Ilikuwa nzito kuliko nilivyofikiri, na ya baridi, na ya kawaida kabisa, mfano wa spana. Nilimuuliza maswali mengi: inahifadhiwaje, inabebwaje wakati wa kuendesha, choo akienda anaiweka wapi. Alijibu mengi. Kwa la choo, Mama Neema alijibu kutoka jikoni:

"Muulize siku aliisahau juu ya tangi ya choo, kanisani."

"Nilirudi mbio," akasema Deo.

"Ulirudi kisha ya mahubiri."

Deo akaniambia habari ya wizi. Vijana wawili waliingia dukani mchana, wakamlaza sakafuni, mmoja akamkanyaga shingo. "Sikuogopa kufa," alisema. "Niliona haya. Mutu wa miaka yangu, uso chini, natazama kiatu ya mutoto. Nikasema haitarudi tena. Sasa nikitembea, sina woga ya mutu. Hata madereva ya teksi, wakinitukana, nawajibu."

Mama Neema, ambaye alikuwa ameleta sahani, alinitazama. Nikaelewa kwa nini alipiga simu.

Overport hadi Clairwood

Asubuhi Deo alinipeleka Clairwood, mahali pa malori na maghala karibu na bandari. Anachukulia huko bidhaa za duka, na nyuma ya ghala moja la matairi kuna chumba kirefu cha kulenga shabaha. Mwalimu wake ni Bwana Pillay, Mhindi mfupi wa kule kule, aliyewahi kuwa askari. Deo alitaka nimwone akipiga.

Alipiga vizuri, sitamnyima sifa yake. Matundu yalikaa pamoja kwenye karatasi, na Deo akanigeukia kama zamani alipomaliza kupiga gitaa.

Bwana Pillay akaikunja ile karatasi, akaitupa. "Karatasi haijawahi kumkimbilia mtu," akasema kwa Kiingereza. Akampa Deo bastola ya mpira, akamwambia aivae chini ya shati kama siku zote. Yeye akachukua gazeti, akalikunja, akasimama upande wa pili wa chumba.

"Hiki ni kisu. Nikianza kuja, itoe."

Mzee yule alikuja kwa mwendo wa mtu anayewahi basi, si zaidi. Deo akavuta shati, shati likashika, na gazeti likawa tumboni mwake. Wakarudia. Safari hii shati lilitoka lakini kiwiko kiligonga ukuta. Wakarudia tena. Bastola ilitoka, ila mkono wa Pillay ulikuwa tayari juu yake na gazeti limo shingoni mwa Deo.

"Donc, basi haina kazi?" Deo akauliza, akihema. "Nimelipa bure?"

"Ina kazi ukimwona mapema. Nawe ukimwona mapema, mara nyingi utakuwa na njia ya kuondoka, na hutaihitaji."

Sikuweza kujizuia. Nikauliza, risasi ikimkosa mtu inaenda wapi?

"Kwa aliye nyuma yake," alisema Pillay. "Ikishatoka ni yako mpaka isimame."

"Na polisi wakifika, mwizi amekimbia na Deo amesimama na bastola mkononi?"

"Watamwona mtu mwenye bastola. Hawatajua ni muuza simu." Akamgeukia Deo. "Rafiki yako anauliza vizuri kuliko wewe. Tangu uingie umeligusa shati lako kama mwanamke mwenye mimba. Mtu wa kituo cha teksi anaona hilo akiwa ng'ambo ya barabara, na atakachotaka kuiba kwanza si pochi. Dereva akikutukana unafanya nini?"

"Namjibu."

"Basi usiibebe. Mwenye kitu hicho anatukanwa, anaomba radhi, anakwenda zake."

Deo alivua bastola ya mpira, akavaa ya kwake. Hakuaga vizuri. Ndani ya gari alisema, "Ule muzee anataka nikimbie kama kuku."

"Mimi nilisikia anataka urudi nyumbani," nikamwambia.

"Weye unakaa Kigoma. Hapa iko tofauti."

Alisema kweli.

Clairwood hadi Isipingo

Tulifika Isipingo saa sita mchana. Mtaa wa duka ulikuwa umejaa magari, hivyo Deo akaegesha nyuma ya soko, nasi ilitubidi tukatize kituo cha teksi kwa miguu. Teksi huko ni vile vibasi vya abiria, na kituo chao ni kelele tupu: muziki kila gari, wapiga debe, wauza mahindi ya kuchoma, wanawake na ndoo za matango. Deo alibeba begi la betri na chaja kwa mkono wa kulia, limemvuta bega. Mimi nilibaki nyuma kidogo kwa sababu nilikuwa nimenunua ule mkate wao uliochimbwa katikati na kujazwa mchuzi wa mbuzi, na mchuzi ulikuwa ukinimwagikia mikononi.

Kwa hiyo nililiona tukio lote kutokea nyuma, na mikono yangu haikuwa na msaada.

Mwanamume mmoja aliyevaa sweta la bluu alitokea kati ya magari mawili. Alikuwa anatazama mgongo wa Deo. Alikaza mwendo, akakaribia, akainama, akaushika mkanda wa begi kwa mikono miwili na kuuvuta.

Deo aligeuka. Uso wake siwezi kuueleza, sikuwahi kuuona. Mkono wa kulia ukaliachia begi ukaenda kwenye shati. Shati likapanda, nikaona ngozi ya tumbo lake, nikaona mpini mweusi na vidole vikiufunga. Nyuma ya yule mtu wa sweta kulikuwa na foleni ya teksi, akina mama, wanafunzi, bibi mmoja ameketi juu ya gunia. Nilijaribu kuita jina la Deo na mdomo ulikuwa umejaa mkate.

Begi liliangukia mguu wa yule mtu. Betri ni nzito. Alijikunja palepale, akashika vidole vya mguu na kusema kwa Kiswahili cha Uvira kabisa:

"Mama yangu wee, Papa Deo, umeniua."

Vidole vya Deo vilisimama. Bastola ilikuwa imetoka nusu.

"Weye ni nani?"

"Ni mimi, Papa. Baba Riziki. Ya kanisa. Jumapili walinionyesha kwako, mugeni kutoka kwetu. Nimeona unabeba muzigo peke yako."

Hapo nikaelewa, na najua nanyi mnaelewa. Kwetu na kwao Uvira, ukimwona mtu mzima amelemewa na mzigo njiani, unamfuata unaupokea. Humwombi kwanza, kwa maana ukimwomba atasema hapana kwa adabu, na utakuwa umemlazimisha abebe. Unautwaa tu mkononi mwake. Yule mtu alikuwa na siku chache mjini na alikuwa ameleta heshima yote ya nyumbani.

Jitu moja lililokuwa likipanga foleni za abiria, lenye koti zito katika joto lile, lilikuwa limetusogelea. Mkono wake ulikuwa ndani ya koti.

"Ndugu yangu," akamwambia Deo kwa Kiingereza, bila kupaza sauti. "Hicho ulicho nacho, kiache kilipo. Shusha shati lako. Umeniogopesha, na mimi nikiogopa watu wanaumia."

"Samahani," alisema Deo.

"Sharp, sawa. Nenda."

Tulikwenda. Baba Riziki alikataa kabisa kuachia begi, akalibeba begani akichechemea hadi dukani. Hakuwa ameona kitu. Alikuwa ameinama, anatazama mguu wake. Dukani alikaa juu ya kreti, akavua kiatu, na akamwomba Deo msamaha.

"Nimekosa, Papa. Kumbe hapa hata njiani mutu anapigiwa hodi."

Deo aliingia nyuma ya pazia, nikamsikia akitapika.

Isipingo hadi Overport

Nilidhani atamficha mkewe. Nilikuwa hata nimeanza kupanga nitakavyosema. Lakini tulipoketi kula ile migebuka iliyopikwa kwa mawese, na ugali, Deo alimweleza Mama Neema yote, hata kutapika. Mama Neema alikula polepole mpaka mwisho wa maelezo.

"Ungemupiga?"

"Sikufika pale."

"Sikukuuliza ulifika wapi."

Deo aliosha mikono kwenye bakuli, akaikausha kidole kimoja kimoja. "Ndiyo," akasema. "Kama begi haingemuangukia, ndiyo."

"Baba Riziki iko na batoto wane," alisema Mama Neema. Akakusanya sahani, akaenda jikoni, na maji ya bomba yakamwagika muda mrefu kuliko vyombo vilivyokuwepo.

Overport hadi Clairwood, mara ya pili

Asubuhi yake Deo alitaka twende kwa Bwana Pillay kabla ya kufungua duka. Alimsimulia mwenyewe, kwa Kiingereza chake kilichochanganyika Kifaransa, bila kuruka kitu. Nilitegemea mzee atamkaripia. Hakumkaripia. Alivuta kiti.

"Alikuwa amevaa nini yule mtu?"

Deo akafikiri. "Koti. Nyeusi, nafikiri."

"Mikono yake ilikuwa wapi?"

"Moja kwa begi. Ingine... sikuiona. Nilifikiri iko na kisu."

"Nyuma yake kulikuwa na nani?"

Deo alifumba macho. Nikamwona anatafuta kwa dhati, kama mtu anayekumbuka wimbo wa zamani. Hakupata kitu. Pillay akanitazama mimi.

"Sweta la bluu," nilisema. "Mikono yote miwili kwenye mkanda. Nyuma palikuwa na foleni. Wanafunzi. Bibi amekaa juu ya gunia."

"Bibi?" Deo akauliza.

"Alikuwa sawasawa nyuma yake."

 Malori yalikuwa yakipita nje na vioo vikitetemeka. Kisha Deo akaitoa bastola, akatoa risasi kwa utaratibu, akaifungua ili Pillay aone haina kitu, akaiweka juu ya kaunta.

"Niwekee," akasema. "Mpaka siku utaniuliza vile na nitajibu."

"Inaweza kuchukua muda mrefu."

"Iko sawa."

"Na inawezekana siku hiyo ikifika hutaitaka."

"Iko sawa vilevile."

Hivyo nikiulizwa kama nilimshawishi, jibu ni hapana. Sikumwambia lolote ambalo mkewe hakuwa amemwambia. Wala siwezi kuwaambia kwamba waliomwibia hawatarudi. Deo mwenyewe anajua wanaweza kurudi, na ameongeza mlango wa chuma na kengele.

Tulikuwa tunarudi, mkono wa kulia wa Deo umelala pajani kwa sababu haukuwa na mahali pa kugusa. Kwenye robot, ndivyo wanavyoziita taa za barabarani, tukasimama kwenye nyekundu. Deo akashusha kioo nusu. Akaanza kusema peke yake, kwa sauti ndogo.

"Mama na mwavuli ya kijani. Mutu ya magazeti, mukono moja ndani ya koti, pengine ni baridi, pengine ni kitu ingine. Gari nyeupe, dereva anakula. Batoto ya shule, tatu."

"Wanne," nikamwambia. "Mmoja yuko nyuma ya nguzo."

Taa ikawa kijani. Nyuma yetu wakaanza kupiga honi, mmoja akatoa kichwa dirishani na kumtukana mama yake Deo kwa lugha mbili. Deo akainua mkono kuomba radhi, lakini gari hakuliondoa mpaka alipomwona yule mtoto wa nne.